Koloidi ni kitu au ni hali? Jibu kwa msomaji wa Micheweni

Swali: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, kwetu ni Micheweni, Pemba. Mama yangu analima mwani. Juzi mnunuzi aliwaambia akina mama kwamba mwani wao unapelekwa viwandani kutolewa "koloidi". Chuoni nako tunafundishwa kuwa koloidi ni aina ya dripu, tofauti na dripu za maji ya chumvi. Nikafungua kitabu changu cha kemia cha sekondari, kinasema koloidi ni mchanganyiko wenye chembe ndogo zinazoelea ndani ya kitu kingine, na mifano yake ni maziwa na moshi. Sasa mwani, dripu, maziwa na moshi vinakutana wapi? Maana sahihi ni ipi, na mama akiniuliza nimwambie nini?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Kitabu chako cha sekondari ndicho kilicho karibu zaidi na ukweli, ingawa hilo "zinazoelea" linaweza kukupoteza njia. Koloidi si jina la kitu, ni jina la hali. Kitu kimoja kimesambaa ndani ya kingine kwa chembe ndogo mno, lakini hakikumumunyika. Mafuta yanaweza kuwa katika hali hiyo, udongo unaweza, dhahabu inaweza, hata hewa inaweza. Mnunuzi wa mwani na walimu wako wa uuguzi hawakudanganya. Wao wanalitumia neno kwa maana yake ya kale, ile aliyokuwa nayo kichwani mtu aliyelitunga, na maana hiyo imebaki sokoni na wodini wakati maabara zimekwisha kuiacha.

Tuanze na ukubwa, maana humo ndimo mambo yote yanamotokea. IUPAC, chombo cha kimataifa cha wanakemia, kinaweka mpaka wa koloidi takriban kati ya nanomita 1 na mikromita 1. Nanomita 1,000 zinafanya mikromita moja, na mikromita 1,000 zinafanya milimita moja. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo hata chembe kubwa kabisa ya koloidi ungeweza kuzipanga 70 zikaenea upana wa unywele mmoja. Chini ya mpaka huo kuna mmumunyo. Chumvi ikitiwa majini huvunjika ikawa ioni moja moja, yaani atomu zenye chaji ya umeme, kila moja ndogo kuliko nanomita, na hapo husemi tena kuwa kuna chembe za chumvi. Juu ya mpaka kuna suspensheni, kama chokaa ya kupaka ukuta, ambayo fundi akienda kusali akirudi anaikuta imetuama na inambidi aikoroge upya. Dawa ya maji ya watoto iliyoandikwa "tikisa kabla ya kutumia" nayo ni ya kundi hilo.

Kipimo hicho kinatosha kupatikana kwa upande mmoja tu wa chembe. Uzi mrefu lakini mwembamba sana unaingia, na utando mpana lakini mwembamba sana unaingia vilevile. Likumbuke hili, tutakapofika kwenye mwani utaliona.

Sasa hilo neno "zinazoelea". Dafu huelea kwa sababu ni jepesi kuliko maji. Chembe ya udongo ina uzito wa mara mbili na nusu hivi ya maji ya ujazo huohuo, na kwa haki ilipasa izame. Inakawia kwa udogo wake. Chukua bilauri yenye maji ya kina cha sentimita 10. Punje ya mchanga yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita itafika chini kwa sekunde 11 hivi. Punje ya upana wa mikromita 1 itahitaji saa 30 au zaidi kidogo. Ipunguze mara kumi tena, hesabu inakupa miezi minne na ushei. Kanuni hii ni ya George Gabriel Stokes, ya mwaka 1851: mwendo wa kuzama hufuata mraba wa upana, kwa hiyo upana ukipungua mara kumi, mwendo unapungua mara mia.

Na hiyo miezi minne ni ya kwenye karatasi tu. Ukweli ni kwamba chembe ndogo hivyo haifiki chini ikabaki huko, kwa sababu molekuli za maji hazitulii hata sekunde. Zinaigonga kutoka kila upande, na kwa kuwa ni ndogo, mapigo ya upande mmoja hayasawazishwi na ya upande wa pili, basi inakwenda huku na huku bila mpango. Robert Brown aliuona mwendo huu kwa darubini mwaka 1827, alipokuwa akitazama chembe zilizotoka kwenye chavua ya maua. Albert Einstein aliueleza kwa hesabu mwaka 1905, na Mfaransa Jean Perrin akaupima kwa uangalifu mkubwa, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926 kwa sababu ilikata ubishi wa waliokuwa bado wanakataa kwamba atomu zipo. Kwa hiyo ukiulizwa kwenye mtihani, usiseme chembe za koloidi zinaelea. Sema zimezuiwa kutua.

Kuna kizuizi cha pili, nacho ndicho kinachonipendeza zaidi. Chembe zikigongana kila wakati hivi, kwa nini hazishikani zikawa madonge? Nyingi zimebeba chaji ya umeme ya aina moja, na chaji za aina moja husukumana. Mpaka chaji hiyo ipatiwe dawa ndipo zinapokaribiana, zikanata, zikawa kubwa, zikazama. Huko ndiko kuganda kwa koloidi, na wewe unakujua kutokana na kisiwa chako. Pemba ina vilima na vijito vingi kuliko Unguja. Masika vijito hivyo huteremsha maji mekundu ya udongo, na udongo ule laini kabisa ungeweza kwenda mbali sana bila kutua. Ukifika ghubani unakutana na maji ya bahari yaliyojaa ioni za sodiamu, magnesiamu na kalisi. Ioni hizo zinazizima zile chaji, chembe zinashikana, na tope linashuka. Sehemu ya lile tope unalolikanyaga chini ya mikoko limefika hapo kwa njia hii.

Shabu inafanya kazi hiyohiyo kwenye maji ya kunywa yaliyochafuka. Ndani yake mna ioni za alumini zenye chaji tatu kila moja, na nguvu ya ioni kugandisha haipandi pole pole kadiri chaji inavyoongezeka, bali inaruka: ioni ya chaji tatu huweza kuwa na nguvu mara mamia kuliko ioni ya chaji moja. Ndiyo maana kipande kidogo kinasafisha ndoo nzima. Kwa kuwa wewe ni muuguzi mtarajiwa, niongeze kwamba maji yaliyong'ara kwa shabu si maji yaliyokufa vijidudu. Bado yachemshwe au yatiwe dawa.

Utajuaje sasa kama kitu ni koloidi, kama chembe zenyewe huzioni? Tumia mwanga. Usiku zima taa, chukua tochi ya simu na bilauri mbili. Moja tia maji safi yenye chumvi iliyokwisha yeyuka, nyingine tia maji na matone machache ya maziwa. Pitisha mwanga ubavuni. Kwenye maji ya chumvi njia ya mwanga haionekani, au inaonekana kwa shida kwa ajili ya vumbi lililoingia. Kwenye maji yenye maziwa utaona mfereji wa mwanga umejichora kutoka upande mmoja hadi wa pili, na ukiangalia vizuri kwa ubavuni unaelekea ubuluu, ilhali ukiitazama tochi yenyewe kupitia humo inaelekea rangi ya machungwa. Chembe zinautawanya mwanga, na mwanga wa buluu unatawanywa zaidi kuliko mwekundu. Jambo hili linaitwa kwa jina la John Tyndall, aliyelichunguza katika miaka ya 1860. Chetezo kikifukizwa udi chumbani asubuhi na jua likapenya ufa wa dirisha, unachokiona ni hilohilo, ila kinachobeba chembe ni hewa badala ya maji. Jaribio hili peke yake halitoshi, kwa sababu maji ya chokaa nayo yatautawanya mwanga. Yaache mpaka asubuhi. Ya chokaa yatakuwa yametuama, ya koloidi yatakuwa vilevile.

Nije sasa kwenye sababu ya mkanganyiko wako. Mwanakemia wa Uskochi, Thomas Graham, mzaliwa wa Glasgow, alikuwa anachunguza jinsi vitu vinavyosafiri ndani ya maji. Alitia vimiminika mbalimbali juu ya karatasi iliyotengenezwa iwe kama ngozi, chini yake akaweka maji, akangoja aone nini kitapenya. Chumvi ilipenya. Sukari ilipenya. Gundi ya mti, wanga, jelatini na ute wa yai vilibaki juu au vilipenya kwa kukokota. Mwaka 1861 akatangaza kuwa maada imegawanyika pande mbili: vile vinavyopenya, ambavyo kwa kawaida vikikauka hutengeneza fuwele, akaviita kristaloidi, na vile visivyopenya, vyenye tabia ya kunata, akaviita koloidi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Kazi ya kuvitenga kwa utando akaiita dialisisi. Kwa Graham, basi, koloidi lilikuwa jina la vitu. Wanga ni koloidi, chumvi si koloidi, na mambo yakaishia hapo.

Hayakuishia hapo. Miaka minne kabla yake, mwaka 1857, Michael Faraday alikuwa ametengeneza London maji mekundu yenye chembe za dhahabu ndogo mno zisizotua. Dhahabu ni metali, ina fuwele, haina unato wowote, na bado ilikuwa imo majini katika hali ileile ya wanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mrusi Peter von Weimarn akaonyesha kwa majaribio mengi kwamba vitu vya fuwele vinaweza kufanywa koloidi ukitafuta mazingira yake. Hata chumvi ya mezani, mfano wa kwanza wa Graham wa kitu kisicho koloidi, ilifanywa koloidi ndani ya kimiminika kisichoweza kuimumunyisha. Tangu hapo wanakemia wakaacha kuuliza kitu gani ni koloidi, wakawa wanauliza kimesambaa kwa ukubwa gani, na ndani ya nini.

Wodini lakini maana ya Graham haikutoka, na mimi naona haikuwa na sababu ya kutoka, kwa kuwa ukuta wa mishipa midogo ya damu unafanya kazi karibu sawa na ile karatasi yake. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na dripu ya Ringer ni kristaloidi. Ioni zake zinapita ukutani, na baada ya muda mfupi sehemu kubwa ya maji uliyomtia mgonjwa imekwisha toka kwenye mishipa ikaenea mwilini. Albumini, ambayo ni protini ya damu, na jelatini ni koloidi. Molekuli moja ya albumini ina upana wa nanomita 7 hivi, haipiti kwa urahisi, na kwa kubaki ndani ya mshipa inavuta maji yabaki nayo. Mvuto huo ndio utakaousoma kwa jina la shinikizo la osmosisi la kikoloidi, na aliyeonyesha umuhimu wake kwenye mishipa ni Ernest Starling, mwaka 1896. Mgonjwa wa figo anayepoteza albumini nyingi kwenye mkojo huvimba miguu na uso, na kupungua kwa mvuto huu ni sehemu ya sababu.

Usije ukadhani kwa jina hilo kwamba dripu ya koloidi ndiyo bora. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2004 huko Australia na New Zealand, wa wagonjwa karibu 7,000 mahututi, haukuona tofauti ya vifo kati ya waliopewa albumini na waliopewa maji ya chumvi. Na ulio karibu nasi zaidi ni ule wa mwaka 2011 uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ambako kituo kilikuwa Muheza, ng'ambo ya pili ya mkondo wa Pemba. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa makundi matatu: waliotiwa kwa haraka maji ya albumini, waliotiwa kwa haraka maji ya chumvi, na wasiotiwa maji ya haraka kabisa. Ndani ya saa 48 vifo vilikuwa asilimia 10.6, 10.5 na 7.3 kwa mpangilio huo. Huwezi kujua kutokana na neno koloidi kipi kimfae mgonjwa. Kwa hilo kuna mwongozo wa matibabu, na wewe ufuate huo.

Utalikuta neno hili sehemu nyingine mbili katika fani yako. Ute uliomo ndani ya tezi ya shingo, ile inayovimba ikawa goita, unaitwa koloidi, nao ni protini katika maji. Na kuna watu wanauza mtandaoni "fedha ya koloidi" wakidai inaponya kila ugonjwa. Hiyo ni koloidi kweli, chembe za madini ya fedha ndani ya maji, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani ilikwisha sema tangu mwaka 1999 kwamba haikuthibitika kuwa salama wala kuwa na faida kama dawa ya kunywa inayouzwa bila cheti. Anayeinywa kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivu kama buluu, na rangi hiyo haiondoki. Ukimwona jirani nayo, mzuie.

Maana ya wanakemia, kwa upande wao, ukitaka kuitumia bila kuteleza, taja vitu viwili kila mara: kinachosambaa na kinachobeba. Kigumu ndani ya kimiminika, kama ile dhahabu ya Faraday, ni soli. Kimiminika ndani ya kimiminika ni emulsheni. Kigumu au kimiminika ndani ya hewa ni erosoli, na humo ndimo moshi na ukungu. Hewa ndani ya kimiminika ni povu. Chembe zikishikana zikafanya wavu unaokamata kimiminika chote kisimwagike, hiyo ni jeli. Hewa ndani ya hewa haipo kwenye orodha, kwa kuwa hewa mbili zikikutana huchanganyika molekuli kwa molekuli. Mchanganyiko mzima ndio koloidi. Ukitaka kutaja vile vidogo vilivyomo, sema chembe za kikoloidi.

Mipaka ya ukubwa niliyokupa, wanaoitumia hawaishiki kwa ukali uleule. Wapimaji wa hewa huita erosoli hata chembe za mikromita kumi na zaidi. Wanapopima moshi wa kuni na makaa huhesabu hasa zile zisizozidi mikromita 2.5, kwa kuwa ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linashauri wastani wake wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Emulsheni nazo nyingi zina matone makubwa kuliko mikromita 1, na bado zimo kwenye kila kitabu cha koloidi.

Tui la nazi ni mfano wake. Unapokuna nazi kwenye mbuzi, ukaikamua kwa maji ya uvuguvugu na kuchuja kwa kifumbu, unapata matone ya mafuta ndani ya maji, kila tone limevikwa utando wa protini za nazi yenyewe. Matone mengi ya tui yanazidi mikromita moja, na mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo sababu bakuli la tui likiachwa, lile zito hupanda juu na maji hujitenga chini. Hapo halijaharibika bado. Ukilikoroga linarudi, kwa kuwa matone yalikusanyika tu na utando wao haujapasuka. Tui likikatika motoni ni jambo jingine. Joto kali linazibadili zile protini, utando unaachia, matone yanaungana yakawa mafuta yanayoogelea juu ya mchuzi, na mwiko wako hauwezi kuyarudisha. Mpishi anayeliacha tui la kasimile mpaka mwisho, akalitia moto mdogo huku akikoroga bila kusimama, na ndimu akaiweka baadaye, anailinda emulsheni kwa kila hatua, maana ukali wa ndimu nao huzigandisha protini. Anayepika mafuta ya nazi anataka kinyume chake, na yeye huchemsha kwa makusudi mpaka tui likatike na maji yaishe.

Maziwa ya ng'ombe yana koloidi mbili kwa pamoja. Kuna matone ya samli, na kuna vifungu vya protini ya kaseini vyenye upana wa nanomita 100 na ushei, ambavyo ndivyo hasa vinavyoyapa weupe maziwa hata yakiondolewa mafuta. Asidi ya bakteria ikiziondolea kaseini chaji zake, zinashikana, na unapata mtindi.

Sasa mwani wa mama yako. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, upande wa mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kikaenea mpaka Pemba, na wengi wa wakulima tangu mwanzo ni wanawake. Aina mbili ndizo zilizotawala: spinosum, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Eucheuma denticulatum, na cottonii, Kappaphycus alvarezii. Ndani ya kuta za chembehai za mwani huu mna dutu inayoitwa karaginani. Ni mnyororo mrefu wa sukari iliyofungwa na salfa, mrefu kwa kipimo cha molekuli, lakini wembamba wake ni wa nanomita. Ule ulaini wa mwani usiokatika wimbi likiupiga, karaginani ina sehemu yake.

Mnunuzi akisema "koloidi", neno kamili la biashara yake ni haidrokoloidi, yaani dutu ambayo ikitiwa maji hufanya koloidi. Anazungumza kama Graham. Kwa lugha ya maabara, mwani mkavu ulio kwenye polo si koloidi, na hata unga mweupe wa karaginani unaotoka kiwandani si koloidi mpaka ukutane na maji. Ukutane na maji ya moto, minyororo inajifungua na kusambaa, na hapo una soli. Maji yakipoa minyororo inajisokota miwili miwili, misokoto inashikana, na unapata wavu unaokamata maji yote: jeli. Karaginani ya asilimia moja tu inatosha kusimamisha maji ya asilimia 99. Ukiipasha moto inayeyuka tena, ikipoa inarudi, jambo ambalo ute wa yai uliopikwa hauwezi.

Hapa ndipo cottonii na spinosum zinapoachana. Cottonii hutoa karaginani aina ya kapa, ambayo kwa msaada wa ioni za potasiamu hufanya jeli ngumu inayovunjika kwa kukatika. Spinosum hutoa aina ya ayota, ambayo kwa msaada wa kalisi hufanya jeli laini inayonepa. Viwanda vinataka zaidi ile ngumu, na ndiyo sababu bei ya cottonii iko juu. Bahati mbaya cottonii ndiyo isiyovumilia joto la maji; bahari ikipata moto hupauka, hudhoofika na kufa, na wakulima wengi wamelazimika kubaki na spinosum.

Na karaginani hiyo inakwenda kufanya nini? Mara nyingi inakwenda kuzuia chembe nyingine zisitue. Maziwa ya kakao ya pakiti yana chembe za kakao kubwa kuliko mpaka wa koloidi, ambazo zingezama zikaacha tope chini ya pakiti. Gramu 2 au 3 za karaginani katika lita 10 zinashikana na kaseini, zinafanya wavu dhaifu ambao mdomo hauuhisi, na kakao inabaki ilipo. Katika dawa ya meno na askrimu inafanya kazi za jamaa hiyo.

Kwa hiyo mama akikuuliza, mwambie kinachonunuliwa ni nyuzi zilizomo ndani ya mwani, zenye kushika maji, na kila kinachozifupisha au kuzipunguza kinashusha thamani ya polo lake. Mwani ukivunwa kabla ya wiki sita hivi unakuwa haujakusanya karaginani ya kutosha, na jeli yake inakuwa dhaifu. Mwani uliokwisha anikwa ukanyeshewa na mvua unaharibika rangi na nguvu, basi mawingu yakitanda ufunikwe. Na mchanga unaonata kwenye mwani ulioanikwa chini unapimwa kama mwani kwenye mizani ya kijijini, lakini kiwandani unatolewa wote, na mnunuzi anaijua hesabu hiyo tangu anapotaja bei. Kuanika juu ya chanja au juu ya neti kunamwondolea sababu ya kukata. Mpe salamu zangu.